Tumbo la Tabibu na Kichwa cha Mgonjwa: George Cheyne, Samuel Richardson na Lugha ya Maradhi

Katika karne ya kumi na nane, mgonjwa wa Ulaya aliyekuwa na uwezo wa kulipa hakulazimika kuonana na tabibu wake ana kwa ana. Aliketi akaandika barua. Humo alieleza jinsi kichwa kilivyomwuma na saa kilipoanza kumwuma, alichokula na alichokunywa, kama choo kilifunga au tumbo lilimwendesha, na kama alipata usingizi, kisha akangoja. Baada ya siku kadhaa jibu lilirudi na maagizo ya dawa na ya chakula. William Cullen wa Edinburgh aliacha hazina ya barua za namna hiyo zaidi ya 5,000, na Samuel-Auguste Tissot wa Lausanne, katika kitabu alichokitoa mwaka 1761 kwa ajili ya watu wa mashambani, aliweka orodha ya maswali ambayo mgonjwa alitakiwa kuyajibu kabla ya kumwandikia tabibu. Kwa mwanafunzi wa lugha desturi hii ina uzito wake. Mwili wa mgonjwa ulikuwa mbali. Kilichokuwa mezani pa tabibu ni maelezo tu, na hayo maelezo ndiyo yaliyotibiwa.

Makala haya yanachunguza mfano mmoja wa desturi hiyo, nao ni wa kipekee kwa sababu mbili. Kwanza, tabibu mwenyewe, George Cheyne, alikuwa mgonjwa wa kichwa na tumbo kabla ya kuwatibu wengine, na aliandika habari za ugonjwa wake kwa urefu. Pili, mmoja wa wagonjwa wake alikuwa Samuel Richardson, mchapaji wa London ambaye baadaye alitunga Pamela na Clarissa, riwaya zilizojengwa kwa barua tupu. Hoja itakayotetewa ni kwamba Cheyne aliwatibu watu wengine kwa hadithi ya tumbo lake mwenyewe. Hadithi hiyo ilimfaa yeye. Kama ilimfaa Richardson ni suala jingine, na ni suala ambalo wachambuzi wa fasihi wana haki ya kuliuliza sawa na matabibu.

Mgonjwa wa kwanza

Cheyne alikuwa Mskoti kutoka sehemu za Aberdeen. Alijifunza tiba chini ya Archibald Pitcairne, mwalimu aliyeamini kwamba mwili wa binadamu unaweza kuelezwa kwa hesabu na kanuni za mwendo kama zilivyowekwa na Newton. Mwanzoni mwa karne alihamia London, na mwaka 1702 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Kijana aliyetoka katika nyumba ya wasomi wenye maisha ya kiasi alijikuta katika mji ambamo wagonjwa walipatikana mezani: tabibu mgeni aliyetaka kujulikana ilimbidi akae na vijana wa matajiri katika mikahawa na vilabu vya mvinyo, ale nao, anywe nao, acheke nao. Cheyne alifanya hivyo kwa bidii kubwa mno. Katika muda wa miaka michache alinenepa kupita kiasi, akawa anahema kwa mwendo mdogo, na mwili ukamlegea.

Karibu na mwaka 1705 alishikwa na homa ya vipindi. Ilipopoa, kilikuja kizunguzungu cha ghafula kilichokaribia kumwangusha, na baada yake maumivu ya kichwa makali yasiyokatika, pamoja na kisunzi, unyonge na hofu isiyo na sababu. Anasimulia kwamba marafiki wa mezani walimtoroka mmoja mmoja. Hapo alikimbilia mashambani, akapunguza chakula chake cha jioni, akatumia dawa za kutapisha na dawa zenye zebaki, kisha akaenda kunywa maji ya chemchemi za Bath. Alipata nafuu, lakini haikuwa kamili.

Sehemu ya simulizi yake inayosomeka kama ngano ni ile ya safari ya Croydon. Cheyne alisikia kwamba tabibu mmoja wa huko, aitwaye Taylor, alikuwa amejiponya kifafa kwa kuishi juu ya maziwa tu. Alipanda farasi wakati wa baridi akaenda kumtafuta, akamkuta mezani na chakula chake cha mchana, nacho kilikuwa maziwa ya ng'ombe matupu. Mazungumzo ya siku hiyo yakawa ndiyo mwanzo wa kanuni ambayo Cheyne aliihubiri maisha yake yote: maziwa, nafaka, mboga na matunda, nyama kidogo au kuiacha kabisa, mvinyo kidogo au kuuacha kabisa. Alikonda, kichwa kikatulia, akawa mwepesi.

Lakini hakudumu. Afya iliporudi, alirudi kidogo kidogo kwenye nyama na mvinyo, na miaka ikapita. Uzito wake, kwa hesabu yake mwenyewe, ulipita ratili 448, yaani zaidi ya kilo 200. Akitaka kutembea hatua mia moja, mtumishi alimfuata nyuma na kigoda ili apate kupumzika njiani. Tumbo likaharibika, kichwa kikaanza upya, na hofu zile za zamani zikarudi. Kwa mara ya pili aliyashika maziwa na mboga, safari hii kwa miaka, na mpaka alipofariki Bath mwaka 1743 hakuiacha tena kanuni hiyo kwa moyo wake.

Habari hizi zote zimo katika sehemu ya tatu ya kitabu chake cha 1733, The English Malady, yaani Maradhi ya Kiingereza. Sehemu ya kwanza ya kitabu hicho yaeleza asili ya magonjwa ya neva, ya pili yaeleza tiba, na ya tatu yatoa visa vya wagonjwa, kisa cha mwandishi kikiwa kirefu kuliko vyote. Cheyne aliwaomba radhi wasomaji wake kwa kujizungumzia kiasi hicho, akijua kwamba watu wenye adabu hawakukipenda kitendo hicho. Hata hivyo alijizungumzia. Yamkini alitambua kwamba kurasa hizo zingesomwa zaidi kuliko nadharia iliyozitangulia, na ndivyo ilivyokuwa.

Njia kutoka tumboni hadi kichwani

Kwa nini tabibu aliyeumwa kichwa alilishughulikia tumbo? Kwa Cheyne jibu lilikuwa wazi. Mwili ni mkusanyiko wa mirija inayopitisha majimaji, na maradhi yote ya kudumu yana vyanzo vitatu: majimaji kuwa mazito na ya kunata, majimaji kuwa makali yenye kuchoma, na nyuzi za mwili kulegea hata zisiweze kuyasukuma. Vyote vitatu huingilia mlango mmoja, nao ni kinywa. Nyama yenye mafuta, viungo vikali na mvinyo mkali hulichosha tumbo. Tumbo lililochoka halisagi chakula vizuri. Chakula kisichosagwa huwa majimaji mazito. Majimaji mazito huziba mirija myembamba kuliko yote, nayo iko kichwani. Hapo maumivu hutokea. Basi kichwa ni mahali pa kilio tu. Kosa limefanyika chini.

Msomaji wa leo asifanye haraka kucheka. Tiba ya sasa inafahamu vizuri kwamba kichefuchefu na kutapika huandamana na kipandauso mara nyingi, ila inavihesabu kuwa sehemu ya ugonjwa uleule, haivihesabu kuwa chanzo chake. Watu wa karne ya kumi na nane waliona mambo mawili yakija pamoja wakadhani moja limezaa jingine. Hata John Fothergill wa London, mchunguzi makini kuliko Cheyne, aliyeyaeleza vizuri maumivu ya kichwa yanayotanguliwa na mimweko ya mwanga machoni, alilaumu siagi, nyama zenye mafuta na pilipili katika makala yake iliyochapishwa mwaka 1784, miaka minne baada ya kifo chake.

Mtu anayejaribu kuyaeleza haya kwa Kiswahili hukutana mapema na neno mshipa. Neno hilo moja hutumika kwa njia ya damu, kwa ukano, kwa njia ya fahamu, na katika vinywa vya watu wengi ni jina la maradhi ya ngiri pia. Mfasiri wa vitabu vya shule hulikimbia kwa kusema neva, na ana sababu. Lakini kwa maandishi ya Cheyne, mshipa huenda likawa neno aminifu zaidi, kwani katika zama zake mpaka kati ya mirija ya majimaji na njia za fahamu ulikuwa bado unabishaniwa. Wengi waliamini kwamba neva zina tundu ndani, na kwamba mvuke mwembamba wa uhai hupita humo. Cheyne aliitilia shaka imani hiyo. Alipendelea kuziona kama nyuzi zinazotetemeka zikiguswa, na roho akaifananisha na mpiga kinanda aliyeketi ndani ya kinanda chake: kinanda kikiharibika, mpigaji awe hodari namna gani, sauti itatoka mbaya. Mfasiri akiandika neva tangu mwanzo hadi mwisho, ubishi huo wote hufutika, na Cheyne huonekana kujua jambo ambalo wakati wake halikuwa limejulikana.

Kiswahili vilevile kinahifadhi mabaki ya nadharia ya kale ambayo Cheyne na wenzake walikuwa wakiibomoa. Balghamu ni neno la Kiarabu lililotokana na Kiyunani, na katika tiba ya Galen lilikuwa moja ya majimaji manne yaliyotawala afya. Leo ni kohozi zito la kifuani tu. Safura kwa asili ni nyongo ya manjano. Katika Kiswahili limekuwa jina la ugonjwa wa weupe na unyonge unaohusishwa na minyoo. Maneno yamehama, nadharia imekufa, lakini safari yake kutoka Ugiriki kupitia Uarabuni hadi pwani ya Afrika ya Mashariki yaonekana wazi katika kamusi. Hata maumivu yenyewe yana historia ya namna hiyo. Wafaransa wanasema migraine, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nusu ya fuvu la kichwa; Waarabu wanasema shaqiqa, kutokana na mzizi wenye maana ya kupasua, na Wahispania wamelichukua neno hilo la Kiarabu wakalifanya jaqueca. Kipandauso cha Kiswahili hakikutazama upande wala mpasuko. Kilitazama mwendo wa maumivu, yanavyopanda hadi kwenye paji la uso. Ajabu ni kwamba mwendo huo wa kupanda ndio hasa ambao Cheyne alitumia kurasa nyingi kuueleza.

Tofauti moja ya sarufi yafaa kutajwa hapa, maana inahusu jambo zito kuliko istilahi. Mswahili husema kichwa kinaniuma, au kichwa kinaniwanga, moyo unanichafuka, tumbo linanisokota. Kiungo ndicho mtenda na mtu ndiye mtendwa. Kitenzi -uma chenyewe ni kile cha mbwa na nyoka. Katika sentensi kama hiyo mgonjwa hana kosa, ameshambuliwa. Katika maandishi ya Cheyne mambo yamegeuzwa. Aliyeanza kuuma ni mgonjwa, alipouma nyama. Kichwa kimelipa tu. Kila dalili huulizwa swali lilelile: ulikula nini? Ndiyo maana tiba yake, pamoja na hesabu zake zote, ina harufu ya maungamo.

Dawa zenyewe

Maagizo ya Cheyne kwa mgonjwa wa kichwa na tumbo yalifuata mpango mmoja. Kwanza mwili husafishwa: dawa ya kutapisha, dawa ya kuharisha, na pengine kutolewa damu. Pili, majimaji hulainishwa kwa dawa za zebaki au kwa maji ya chemchemi zenye madini. Tatu, nyuzi zilizolegea hukazwa kwa magome machungu, kwa chuma, kwa maji baridi na kwa mazoezi, hasa kupanda farasi, kwa kuwa mtikisiko wa farasi ulisemekana kulifanyia tumbo kazi ambayo lenyewe limeshindwa kuifanya. Juu ya yote hayo, chakula.

Miongoni mwa dawa alizozisifu kwa magonjwa ya neva ni mvuje, ule utomvu wenye harufu nzito ambao msomaji wa pwani anaujua tangu utotoni. Mvuje ulifika London kutoka nchi za Uajemi kwa njia za biashara, na njia za namna hiyohiyo ndizo zilizouleta Lamu, Mombasa na Unguja. Pwani, harufu yake hufukuza shetani na kumkinga mtoto. Bath, ilituliza mishtuko ya mabibi wa kitabaka. Kila upande ulikuwa na maelezo yake ya kwa nini kitu chenye harufu mbaya kiasi hicho kiwe na faida.

Ikumbukwe kwamba tiba hii ilikuwa ya watu wenye mali. Cheyne alidai kwamba karibu theluthi moja ya malalamiko ya afya ya watu wa tabaka la juu nchini Uingereza yalikuwa magonjwa ya neva, na akayahusisha na utajiri: tangu biashara ilipopanuka, Waingereza walikuwa wameizunguka dunia nzima kukusanya vitu vya kuchochea ulafi. Hapo alikuwa na macho makali. Chai, kahawa, viungo vya Mashariki na sukari iliyolimwa na watumwa wa Kiafrika katika visiwa vya Karibi vilikuwa juu ya meza hizo. Lakini mfanyakazi wa mashamba, kwa nadharia hii, alilindwa na umaskini wake. Nyuzi zake zilikuwa ngumu na fahamu zake nzito. Akiumwa kichwa, maumivu yake hayakuwa na jina katika kitabu. Jina la kitabu lasema maradhi ni ya Waingereza, ilhali yaliyomo ni ya Waingereza wachache.

Barua kwa mchapaji

Samuel Richardson alizaliwa mwaka 1689 katika jimbo la Derbyshire, akawa mwanagenzi wa uchapaji, na kwa jitihada akajijengea kiwanda kikubwa cha uchapaji katika Salisbury Court, karibu na Fleet Street. Alichapa baadhi ya vitabu vya Cheyne, na hapo ndipo urafiki ulipoanza. Barua za Cheyne kwake zinaanzia miaka ya mwanzo ya 1730 hadi 1743. Ndani yake habari za uchapaji na habari za matumbo zimechanganyika bila haya: mwandishi analalamikia wauza vitabu, kisha bila kuvuta pumzi anauliza kama mchapaji ametapika.

Richardson alisumbuliwa na kizunguzungu, mitetemeko, mishtuko ya ghafula, na uzito wa kichwa na wa mwili. Kazi yake ilikuwa ya kukaa: kusahihisha kurasa mchana na kuandika usiku. Cheyne aliposoma maelezo yake alimtambua mgonjwa anayemjua vizuri, yaani yeye mwenyewe wa zamani. Alimhakikishia mara nyingi kwamba yeye alipita katika hali mbaya kuliko hiyo akatoka salama. Akamwagiza apunguze nyama na mvinyo, hatimaye aviache. Ajitapishe kwa kidole gumba tumbo linapokuwa zito. Atumie dawa za kusafisha. Na kwa kuwa mchapaji hakuwa na nafasi ya kupanda farasi, ajipatie farasi wa chumbani. Kifaa hiki kilikuwa kiti chenye kunesa, ambacho mtu alikikalia akarukaruka juu na chini akiwa nyumbani mwake, pengine huku akisoma au akimwandikisha karani. Picha ya baba wa riwaya ya Kiingereza akinesa juu ya kiti kwa ajili ya tumbo lake huchekesha, na hapana shaka ilichekesha hata wakati huo. Lakini kwa mtu aliyefungwa na dawati saa kumi na mbili kwa siku, lilikuwa agizo la busara kuliko zebaki.

Pamela ilipotoka mwishoni mwa mwaka 1740 na kumpatia Richardson sifa ya ghafula, tabibu aligeuka mhakiki. Sehemu ya pili ilipokuwa ikitungwa mwaka 1741 alimshauri apunguze mambo ya kubembelezana kati ya mume na mke, kwa kuwa hayakuwafaa watu wenye hekima na ibada. Ni ushauri wa mtu anayeagiza chakula chepesi. Alimhimiza pia aandae orodha ya vitabu vya kuwaburudisha na kuwafariji wagonjwa wa neva, kana kwamba kusoma nako kulikuwa na maziwa yake na nyama yake.

Hapa ndipo tatizo la ushahidi linapojitokeza. Barua za Cheyne zimesalia katika nakala. Majibu ya Richardson karibu yote yamepotea. Anayesikika ni tabibu peke yake. Malalamiko ya mgonjwa yanajulikana kwa kupitia karipio, faraja na maagizo yaliyojibu malalamiko hayo, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya simu akiwa upande mmoja. Mwanafasihi atakumbuka kwamba sehemu kubwa ya Pamela imeandikwa kwa mkono wa mhusika mmoja, na kwamba wakosoaji wa wakati huo, Henry Fielding akiwa mbele, waliushambulia udhaifu huohuo: nani ajuaye upande wa pili ungesema nini? Richardson alijifunza. Katika Clarissa, ya 1747 hadi 1748, barua zinatoka kwa watu wengi, na jambo lilelile huelezwa na zaidi ya mkono mmoja. Kusema kwamba barua za Bath ndizo zilizomfundisha kungekuwa kuzidisha, lakini si vibaya kukumbuka kwamba kwa miaka kumi alikuwa mtu anayesimuliwa mwili wake na mwingine.

Upande wa pili haukunyamaza kabisa. Mwaka 1748, miaka mitano baada ya kifo cha Cheyne, Richardson alimweleza Lady Bradshaigh, msomaji aliyekuwa akiandikiana naye, asili ya maradhi yake. Katika maelezo hayo ulafi haumo. Mke wake wa kwanza, Martha, alifariki mwaka 1731, na watoto wote sita aliozaa naye walikufa wangali wadogo. Richardson anahesabu vifo kumi na kimoja vya watu waliomgusa katika muda wa miaka miwili. Asema kwamba mapigo hayo yaliyofuatana ndiyo yaliyoziharibu neva zake. Kwamba alijaribu dawa za kila aina na kuwaona matabibu wengi. Kwamba mwishowe aliingia katika kanuni ya chakula kama kitulizo, bila kutegemea kuponywa. Na kwamba kwa miaka saba hakuonja mvinyo, nyama wala samaki.

Maelezo haya yanastahili kusomwa polepole. Richardson hakumpinga tabibu wake. Aliyatii maagizo kuliko Cheyne mwenyewe alivyoyatii katika ujana wake. Alichokikataa ni hadithi. Kwa Cheyne, mwanzo wa ugonjwa ni meza, na katikati yake ni dhambi ya mezani, na mwisho wake ni toba ya maziwa. Kwa Richardson, mwanzo ni jeneza. Haki itendeke kwa Cheyne: katika kitabu chake cha 1724 juu ya afya na maisha marefu aliweka sura nzima juu ya hisia za moyo, na alijua kwamba huzuni ndefu huumiza mwili. Lakini hata alipolijua hilo, dawa yake ilirudi palepale, kwenye sahani. Mtu ambaye sahani ilimwua mara mbili na kumfufua mara mbili hakuweza kuona njia nyingine kwa urahisi.

Kwa Kiswahili tofauti hii ingedhihirika mapema zaidi, kwa sababu sarufi ingembana msimulizi. Cheyne angesema nimejiumiza. Richardson angesema nimefiwa, kauli ya kutendewa ambayo lugha nyingi za Ulaya hazina njia fupi ya kuitafsiri: kifo ni cha mwingine, lakini anayetendewa ni aliyebaki. Tabibu aliyezoea kuuliza ulikula nini hawezi kulijibu neno hilo kwa dawa ya kutapisha.

Katika mwaka huohuo wa 1748 wasomaji wa Clarissa walikuwa wakimwona shujaa wa riwaya hiyo akidhoofika siku baada ya siku bila ugonjwa wenye jina. Tabibu aliyeitwa kitandani pake, anayetajwa kwa herufi moja tu, anatambua upesi kwamba kilichomshika ni huzuni na kwamba dawa za chupa hazitafika huko. Anabaki kumtembelea kama rafiki. Tabibu wa namna hiyo, anayemsikiliza mgonjwa kwanza, Richardson alilazimika kumbuni.

Nakala ya barua za Cheyne aliihifadhi kwa uangalifu, na akaweka agizo kwamba zisitolewe kamwe kwa mtu atakayezichapa. Zilichapishwa mwaka 1943, zikihaririwa na Charles F. Mullett nchini Marekani, miaka 200 baada ya kifo cha aliyeziandika. Kichwa cha mchapaji hakikutulia kabisa mpaka kiharusi kilipomchukua Julai 1761. Mwaka 1749 alipotaka Lady Bradshaigh, ambaye walikuwa hawajaonana bado, aweze kumtambua katika bustani ya London, alimwandikia sura yake: mtu mfupi, mnene kidogo, anayetembea mkono mmoja ukiwa kifuani na mwingine umeshika bakora chini ya koti, ili impe msaada bila watu kujua, pindi mitetemeko na kizunguzungu vitakapomjia ghafula njiani.